KARAMOJO BELL: Mskoti aliyepasua vichwa vya tembo kwa msumeno ili ajue risasi yake iende wapi

Kuna mdau aliacha swali kwenye maoni, alitaka kujua kama bunduki ya kuwindia imetoka kiwandani mpya kabisa, na karatasi zake, kuna haja gani tena ya kwenda kuipima shabaha na kumaliza risasi za watu. Wengine wakamcheka. Mimi naona swali ni zuri sana, na badala ya kumjibu kwa mistari miwili nimeona nimletee maisha ya jamaa mmoja aliyefariki mwaka 1954, ambaye hakuna mwindaji anayesoma vitabu asiyemjua. Huyu alipita hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, na umaarufu wake wote ulitokana na kitu kimoja: alijua bunduki yake inapiga wapi, na alijua kile anachokipiga kiko wapi ndani ya mnyama. Waliokuwa wanabahatisha wakati ule walikuwa wengi tu, na wengi wao walizikwa huko huko porini.

Jina lake kamili ni Walter Dalrymple Maitland Bell. Alizaliwa mwaka 1880 karibu na Edinburgh kule Uskoti, familia yenye uwezo na watoto wengi. Mama akafariki yeye bado mdogo sana, baba naye akafuata kabla mtoto hajafika miaka saba, akabaki mikononi mwa kaka zake. Shule ikamshinda. Sio kwamba alikuwa mjinga, alikuwa anatoroka tu. Akiwa na miaka 13 wakamtupa baharini kufanya kazi melini, labda wakidhani atanyooka. Kilichomkaa kichwani ni kimoja tu: Afrika na tembo. Mwaka 1896 au 97 hivi, kijana wa miaka 16 au 17, akashuka Mombasa.

Reli ya Uganda ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kujengwa kutoka Mombasa kwenda bara, na simba walikuwa wanakula wafanyakazi. Bell akapata kazi ya kulinda watu kwa bunduki. Hapa ndipo somo la kwanza linapokuja, mdau uliyeuliza sogea karibu. Bunduki aliyokuja nayo ilikuwa nzuri ya kutazama, kazi ya fundi wa Edinburgh, ya risasi moja moja. Ukipiga, unafungua, unatoa ganda, unaweka nyingine. Kule Uskoti kwenye baridi ilifanya kazi vizuri tu. Huku kwenye jua letu, risasi za baruti ile zilikuwa zinapata joto, msukumo unazidi, ganda linanasa ndani na halitoki! Sasa wewe fikiria uko mbele ya simba, umeshapiga moja, ganda limegoma. Bunduki ilikuwa haina kosa lolote kiwandani. Kosa ni kwamba haikujaribiwa mahali itakapotumika.

Mambo ya huku hayakumwendea, akarudi, kisha akakimbilia Kanada wakati watu wanagombania dhahabu ya Yukon. Hakuchimba sana. Aligundua kuwa wachimbaji wana njaa, akawa anawinda na kuuza nyama mji wa Dawson. Mwenzake waliyekuwa wanafanya naye biashara akatoweka na pesa zote, Bell akabaki na bunduki yake tu, na hiyo nayo akaiuza. Vita vya Makaburu vilipoanza 1899 akajiunga na kikosi cha Kanada ili apate nauli ya kurudi Afrika. Kwa kweli jamaa alikuwa king'ang'anizi. Kule farasi wake akapigwa risasi, yeye akatekwa, akatoroka.

Na hao Makaburu waliokuwa wanampiga walikuwa wameshika nini? Mauser, za milimita 7, kutoka Ujerumani. Waingereza waliumizwa sana na zile bunduki, maana Kaburu alikuwa anapiga kutoka mbali, na anapata. Miaka michache baadaye Bell mwenyewe akaja kupata jina kwa kutumia risasi ile ile.

Vita vilipokwisha 1902 akapanda huku. Kituo chake cha kuanzia kilikuwa Mumias, magharibi ya Kenya ya leo, ambako misafara ya pembe ilikuwa inajikusanya. Wenye njia ile hawakuwa Wazungu. Walikuwa ni wafanyabiashara wa Kiswahili na wa Kiarabu, na watu wa bara walioingia kwenye biashara hiyo, ambao walikuwa wanakwenda hadi Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda, kununua pembe kwa ng'ombe na bidhaa. Bell ameandika habari zao kirefu, pamoja na mzee mmoja aliyeitwa Shundi, ambaye aliwahi kuuzwa utumwani na baadaye akawa tajiri mkubwa wa pembe. Kiswahili ndiyo lugha iliyoendesha misafara hiyo, na wapagazi wa Bell walikuwa wanasemeshwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo wale wanaodhani hadithi hii ni ya Wazungu peke yao wakae wakijua, mlango alifunguliwa na watu wa pwani. Huko Karamoja ndiko alikopata jina la Karamojo Bell.

Wafanyabiashara wale silaha zao nyingi zilikuwa magobore na bunduki za zamani. Unajaza baruti, unasogea karibu, unapiga, unakimbia. Tembo anaondoka na risasi mwilini, anafia mbali au hafi, anakuwa na hasira na kila mtu anayepita kuchota maji. Wazungu nao walikuwa na ugonjwa wao mwingine, ugonjwa wa ukubwa. Waliamini tembo ni mkubwa, basi lazima bunduki iwe kubwa: mitutu miwili, uzito wa kilo tano au sita, risasi yenye uzito karibu gramu 50, na ukipiga bega linalia. Bunduki hiyo huibebi mwenyewe kutwa nzima, anakubebea mtu, na tembo akitokea ghafla aliyeishika ndiye huyo ameshapanda mti.

Bell alikuwa nayo moja ya mitutu miwili. Lakini pia alikuwa na .303, ile ya jeshi la Kiingereza iliyotengenezwa kwa ajili ya uwindaji, ya kukoki kwa mkono. Yaani unainua mkono wa komeo, unavuta nyuma ganda linaruka, unasukuma mbele risasi nyingine inaingia, unafunga. Akalinganisha zote mbili kwa tembo hasa. Akaona kwamba tembo akipigwa penyewe, hata kwa kirisasi chembamba, anaanguka pale pale. Asipopigwa penyewe, hata lile zinga la risasi halimwangushi, anaondoka tu. Kumbe ukubwa haurekebishi shabaha mbovu!

Baadaye akahamia kwenye bunduki za Mauser ya mwaka 1898, uvumbuzi wa Mjerumani Paul Mauser, ambazo kampuni ya Rigby ya London ilikuwa inazichukua na kuzimalizia kwa mtindo wake. Milimita 7 ile ile ya Makaburu, Waingereza wakaipa jina la .275 Rigby. Ina kucha ndefu ya chuma inayokamata risasi tangu inapotoka kwenye magazini hadi ganda linapotupwa nje, kwa hiyo hata ukiinamisha au uwe unahema vipi, risasi haipotei njia. Risasi yenyewe ina gramu kama 11 tu, ndefu, nyembamba, kichwa cha mviringo, imevikwa chuma kigumu haifumuki. Inapenya kama msumari uliopigwa wima. Hiyo ndiyo siri yake, inakwenda moja kwa moja bila kupinda.

Aliijaribu pia 6.5 ya Mannlicher, bunduki nyepesi mno, na aliipenda. Lakini risasi alizopata zilikuwa zinamletea taabu, akaiacha. Wadau hapa ndipo wengi wanapopotea. Tunasema tunapima bunduki, kumbe tunapima bunduki PAMOJA na risasi zake. Bell alishikilia ile milimita 7 kwa sababu risasi za Kijerumani za aina ile hazikuwahi kumwangusha, kila moja ililia na kila moja ilikwenda pale pale.

Sasa niseme kidogo kuhusu kupima, maana ndilo swali lenyewe. Nina mjomba ambaye amefanya kazi ya kulinda wanyamapori miaka mingi, na niliwahi kumwona akipima bunduki mpya ya kukoki kwa mkono, ile .375 inayojulikana. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mjomba, kaa hapo nyuma yangu usinyanyuke. Kwanza alikaza skrubu zote za kitako, maana mtutu ukicheza ndani ya mbao hakuna shabaha hapo. Akafuta mafuta ya kiwandani ndani ya mtutu, kwa sababu risasi ya kwanza ikipita kwenye mafuta inakwenda kwake. Akaweka mifuko ya mchanga, akaegemeza bunduki kwenye mbao, sio mtutu wenyewe. Akaanza karibu, mita 25, ili aone kwanza kama inagusa karatasi. Ndipo akarudi mita 100.

Akapiga tatu, akasubiri mtutu upoe mpaka nikaanza kusinzia, akapiga nyingine. Nikamwambia mjomba hizo tatu si zimekaa pamoja, tuondoke. Akanieleza kwamba tatu zinaweza kukaa pamoja kwa bahati, tano ni ngumu zaidi kudanganya, na akipiga tano leo na tano kesho asubuhi hapo ndipo anaiamini. Kuna mambo mawili pale kwenye karatasi watu wanayachanganya. Moja ni matundu kutawanyika, hiyo ni tabia ya bunduki na risasi zake na mpigaji. La pili ni matundu kukaa pamoja lakini pembeni ya alama. Hilo la pili halina shida, unarekebisha kilengeo tu. La kwanza ndilo baya, huwezi kurekebisha kitu kinachotangatanga. Viwanda vingi siku hizi vinajigamba kwamba bunduki yao itaweka risasi ndani ya sentimita 2.5 hadi 3 kwa mita 100. Sawa, lakini ni kwa risasi ipi? Badilisha boksi la risasi, aina nyingine au uzito mwingine, na kundi lote linaweza kuhama sentimita kadhaa. Na tundu mjomba alilolijali kuliko yote ni la kwanza, lile la mtutu baridi, kwa sababu mnyama hakusubiri upashe mtutu joto.

Turudi kwa Bell. Yeye alikwenda mbele ya karatasi. Ukishajua risasi yako inakwenda pale unapolenga, swali linalobaki ni ulenge wapi. Ubongo wa tembo una kilo nne mpaka tano hivi, lakini umejificha nyuma kabisa ndani ya kichwa kikubwa ambacho sehemu yake kubwa ni mifupa yenye matundu matundu kama sega la nyuki. Mtu akitazama kwa mbele anadhani uko kwenye paji la uso, analenga pale, risasi inapita juu ya ubongo na tembo anakuja na wewe. Bell akaamuru kichwa cha tembo kikatwe kwa msumeno katikati, kuanzia juu hadi chini, akakaa nacho. Akachora. Akatazama kutoka mbele, kutoka ubavuni, kutoka nyuma kwa kukata upande. Hiyo ya nyuma upande akaifanya yake kabisa, risasi inapita kwenye misuli ya shingo inaingia kwenye ubongo huku tembo anaondoka, na mpaka leo wawindaji wanaiita kwa jina lake.

Halafu mazoezi. Akiwa anatembea, bunduki iko mkononi mwake mwenyewe, haina risasi ndani, anachagua jiwe au tawi mbali, anainua, analenga, anafyatua, tiki. Anakoki tena. Siku nzima. Hamalizi hata risasi moja lakini mkono unazoea. Kuna simulizi za watu waliomwona akiangusha ndege wanaoruka juu ya ziwa wakadhani ameshika bunduki ya marisau, kumbe ni bunduki ya risasi moja moja, anamalizia tu risasi ambazo hakuziamini kwa tembo. Hapo mimi nimesoma mara mbili mbili, risasi asiyoiamini haiweki kwenye mfuko wa kazi, anaimaliza kwenye mchezo.

Matokeo yake? Tembo 1,011 katika maisha yake, karibu wote madume, majike hayafiki 30. Zaidi ya 800 kwa ile milimita 7. Siku moja aliua 19. Na kwa kila dume alilopata, hesabu iliyoandikwa ni kwamba alitembea wastani wa maili 73, zaidi ya kilometa 115. Alizunguka Karamoja, mpaka wa Abisinia, Sudan, eneo la Lado ambalo lilikuwa chini ya mfalme Leopold wa Ubelgiji mpaka alipofariki 1909, Liberia, mpaka Kongo zote mbili.

Lakini hakutembea peke yake. Kuna Mkaramojong mmoja anaitwa Pyjale, ndiye aliyekuwa anasoma nyayo, ndiye aliyekuwa mbele. Bell alimsifu wazi wazi kwenye maandishi yake, na nampa heshima yake kwa hilo, maana wenzake wengi waliandika kana kwamba tembo walijileta wenyewe. Na hapa ndipo ninapoona uzito wa swali la mdau. Bunduki isiyopimwa ikijeruhi tembo, wa kwanza kukanyagwa sio mwenye bunduki, ni yule aliye mbele na mkuki wake. Wa pili ni mama aliyeko shambani siku mbili baadaye.

Mimi sitaki mtu aseme nimemsafisha. Wanyama elfu moja kwa ajili ya vinanda na mipira ya biliadi ya Ulaya, sio jambo dogo. Kuna wanaomtetea kwamba alipiga vizuri, mnyama hakuteseka, na alikuwa anafuata ruhusa za wakati ule. Hayo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba kwa Karamoja hii hii tembo leo utawatafuta kule Kidepo tu na pembezoni mwake. Na sisi Watanzania tusinyooshe kidole sana, kati ya 2009 na 2014 tembo wetu walishuka kutoka kama 109,000 hadi 43,000 hivi, na Bell alikuwa ameshafariki miaka 55 kabla hayo hayajaanza. Ila sikubali pia wale wanaomwita muuaji halafu wanasifia majangili wa juzi kwamba walikuwa wanatafuta riziki. Kama ni riziki, naye alikuwa anatafuta riziki.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza 1914 alikuwa huko misituni. Akarudi, akajifunza kurusha ndege, na nani aliyepelekwa Tanganyika kufanya upelelezi wa angani dhidi ya Wajerumani? Yeye. Inasimuliwa kwamba alipenda kuruka bila mtazamaji wa kukaa naye, ili apate nafasi ya kupiga kwa bunduki yake ya kuwindia kutoka huko juu. Baadaye akapelekwa Ulaya. Katika vita hivyo alipewa nishani ya Military Cross. Akamwoa Katie, binti wa Sir Ernest Soares, wakakaa Corriemoillie, kaskazini ya Uskoti. Kitabu chake cha kwanza, The Wanderings of an Elephant Hunter, kilitoka 1923, michoro mingi ni ya mkono wake. Miaka ya 30 akajengewa jahazi la chuma la mashindano, akawa anashindana baharini. Uzeeni aliwinda kulungu wa kule kwao kwa bunduki ya risasi ndogo zaidi, .220 ya Kimarekani, yenye mwendo mkali. Hakuacha kuamini vitu vidogo vinavyokwenda penyewe.

Neno kwa wale vijana wanaosoma habari zake na kuona kila mtu anaweza. Hapana. Nchi nyingi zinazoruhusu uwindaji wa tembo na nyati zinataka bunduki isipungue .375, na sababu ni kwamba watu wengi hawana mkono wa Bell, wala hawajakaa na kichwa kilichopasuliwa, wala hawana Pyjale. Risasi ndogo inasamehe kidogo sana. Yeye mwenyewe alikuwa na uwanja wazi, tembo ambao hawajazoea mlio, na miaka mingi ya kufanya kitu kimoja kila siku. Mtu aliyenunua bunduki juzi na kupiga boksi moja la risasi hana hata kimoja kati ya hivyo.

Kitabu cha pili, Karamojo Safari, kilitoka 1949. Cha tatu alikimaliza kukiandika mwaka 1954, na siku chache baadaye, tarehe 30 Juni, moyo ukasimama, akiwa na miaka 73. Mmarekani Townsend Whelen, naye mtu wa bunduki na shabaha, akayapanga yale maandishi yakatoka mwaka 1960 kwa jina la Bell of Africa.

Kama kuna mdau wa Moroto, Kotido au Mumias ambaye babu yake alisimulia habari za misafara ile, au ukoo wa Pyjale unajulikana uko wapi, tafadhali aandike hapo chini. Kiswahili, Kiingereza, vyovyote, tutaelewana.